Kigari cha Mkate Juu ya Uchaga

Juzi nimegombana na mtu dukani, hapa hapa Iringa mjini, na wala sijutii. Nilikuwa nimeingia kununua uzi. Kwenye kabati la vioo nikaona boksi la vipande vya kuunganisha kigari cha kuchezea, na juu yake picha ya gari la zamani la kupelekea bidhaa, gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Kijana mmoja akacheka. "Gari gani hili la magurudumu matatu? La kuchorwa tu hilo!" Weee! Nikamwambia gari hilo lilikuwepo Mbeya, nimelisukuma kwa mikono yangu hii likiwa limekwama matopeni, wakati huo wewe bado unanyonya. Akasema, "Dada, punguza moto." Sikupunguza. Nikatoka bila uzi, na nilipofika nyumbani, rafiki yangu, nikajikuta nalia.

Sikulia kwa ajili ya yule kijana. Nilimkumbuka bibi.

Tulikuwa tunakaa Ilomba, kule Mbeya, mimi na bibi mzaa mama, enzi hizo ni migomba na mashamba ya maharage tu. Mwezi wa Julai baridi ilikuwa inauma mpaka masikio, asubuhi majani meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Naenda kisimani miguu mitupu, narudi vidole havina habari na mimi. Halafu unasikia tu-tu-tu-tu barabarani, unajua jirani yetu, dereva wa gari la mkate, anapita. Gari lenyewe lilikuwa zee, la kijani, linatikisika kama kuku anayeoga vumbi. Harufu yake ilikuwa inatangulia! Jirani akiona watoto anapunguza mwendo, anatugawia vile vipande vilivyovunjika. Kipande changu nilikuwa nakiweka kifuani kwanza, kinipashe moto, ndiyo nile.

Jirani huyo alikuwa Mhehe wa huku milimani Iringa, na kulikuwa na jambo moja lililomkera kuliko yote. Kila akienda kwao likizo, watu walikuwa wanamcheka. Anawaambia naendesha gari la magurudumu matatu, wanamwambia muongo wewe, labda unasukuma toroli. Shemeji zake ndio walizidi. Walimpa jina, Baba Toroli. Alikuwa anatusimulia huku anacheka, lakini mimi nilikuwa namwona macho yake, hayakucheka.

Basi gari likafa, na yeye akaamua kurudi kwao moja kwa moja. Mwenye mkate, tajiri wake, akampa zawadi ya kuagana, boksi kama lile la dukani. Ndani kuna vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti, kitiubu cha gundi, na karatasi ya picha. Unaunganisha, unapata gari lile lile, dogo la kukaa kiganjani. Jirani alifurahi kama amepewa ng'ombe. Sasa atawaonyesha! Ila vidole vyake vilikuwa vinene, na karatasi ilimshinda. Akaja kwetu.

"Kamwene, mama," akamsalimia bibi. Halafu akanigeukia mimi. "Binti, wewe unasoma kila kitu. Jumamosi napanda basi. Utaniwahisha?"

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kusoma kwenyewe nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia sukari, na mtu mzima kuniomba kitu namna ile, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nikamwambia, "Jumamosi unaondoka nacho."

Siku nne nilikaa na kile kigari. Watoto wa mjomba walikuwa wanachungulia dirishani, "Msichana na magari wapi na wapi? Nenda kapepete!" Nikawatupia gunzi. Bibi yeye alikuwa anakaa pembeni anachambua maharage, ananitania. "Mke mwenzangu, hicho kitoto cha gari kinakula nini? Nikipikie uji?" Ndivyo alivyokuwa ananiita, mke mwenzangu, kwamba tumeolewa wote na babu, na babu marehemu ananipenda zaidi mimi.

Ijumaa asubuhi nikabandika paa. Limekaa sawa kabisa! Nikamwambia bibi, "Kisiguswe, gundi haijakauka," nikaenda kisimani.

Sasa unisikilize hapa. Jikoni kwa bibi, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga, fito zimepangwa, nyeusi kwa moshi, zinang'aa. Kitu chochote kibichi nyumba ile kilikuwa kinaishia pale. Mahindi ya mbegu, kuni, viatu vyangu vya kanisani. Hata Biblia iliponyeshewa siku ya Pasaka ililala uchagani siku mbili, ikashuka inanuka moshi lakini inasomeka. Kwa bibi, kitu kama hakijakauka kinakaushwa. Asingeacha kitu cha mjukuu wake kilale na unyevu kwenye baridi ile. Na plastiki alikuwa anaijulia wapi?

Nikarudi na ndoo kichwani. Bibi anatabasamu, anaonyesha juu kwa mwiko. "Nimekuwekea pazuri."

Paa lilikuwa limezama kama godoro. Ubavu mmoja umelala. Yale magurudumu ya nyuma yamekunjamana kama karanga zilizoungua, la mbele tu ndilo zima.

Nikapiga kelele. Nikamwaga maji. Nikamwambia, "Umeniharibia! Hujui kitu! Mshamba wewe!"

Bibi yangu. Aliyenilea tangu nina miezi sita. Akashusha mwiko, akaanza kufuta yale maji na tambara, taratibu, kama vile yeye ndiye ameyamwaga.

Usiku ule hatukusemezana. Asubuhi watoto wa mjomba wameshapata habari, wanaimba nje, "Bibi kapika gari! Bibi kapika gari!" Nikatoka. Mkubwa wao nilimng'ata bega, alama anayo mpaka leo, muulize. Kumsema bibi ilikuwa ruhusa yangu peke yangu, na hata mimi sikuwa nayo.

Jirani akafika, koti la safari, sanduku la bati. Akakipokea kile kigari na mikono miwili. Akakigeuzageuza.

"Nani kafanya hivi?"

Nilimwona bibi anafungua mdomo. Nikamwahi. "Mimi. Nilikiweka uchagani kikauke haraka. Ni ujinga wangu."

"Huyu mtoto..." bibi akaanza.

"Ni mimi, bibi! Nimeshasema ni mimi!"

Jirani akazungusha lile gurudumu la mbele na kidole, likazunguka. Akacheka kidogo, kicheko kibovu. "Haya. Sasa shemeji zangu watasema yalikuwa manne, la nne limeyeyuka." Akakifunga kwenye leso, akanishika kichwa, akaenda kuwahi basi. Kama walimwamini sijui. Tangu nihamie huku nimeulizia, hakuna anayemjua. Ndiyo maana nikisikia mtu anabisha habari ya gari lile, damu inachemka.

Ila bibi, bibi. Nilipopata kazi ya kushona huku Iringa, nikarudi Mbeya na kanga na sukari kilo mbili. Njia nzima napanga maneno. Bibi, siku ile nilikuita mshamba, nisamehe. Nikamkuta nje na wanawake wawili wa kanisani. Hata sijakaa, akanishika mkono, akawaambia, "Ndiye huyu. Huyu ndiye aliyesema uongo mbele ya jirani ili mimi nisiaibike." Wakapiga vigelegele. Sasa ningeanzia wapi? Nikasema kesho. Kesho tukaenda kuni, keshokutwa nikapanda basi. Mwaka uliofuata wakamzika, mimi nafika udongo umeshakauka.

Nyumba ile wameibomoa, wamejenga ya bati. Mkate wa siku hizi unaletwa na gari kubwa, na dereva hasalimii mtu. Sikatai, maisha yamekuwa mepesi. Lakini hakuna tena mtu wa kuniita mke mwenzake, na mpaka leo sijui kama lile neno langu, mshamba, alilisahau, au alilifunika makusudi nisije nikaliona. Ningetoa chochote anigombeze kwa neno lile, hata mara moja tu.