Kikorogeo Kilichokunywa Maziwa

Nilidai nimewahi kukijenga kabla sijajua ningekijenga kwa vitu gani. Chuo kimoja cha Mbarara kilikuwa kinatafuta msaidizi wa maabara. Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya kemia niliyoisomea Bukavu, na cheti kilichobaki huko pamoja na nyumba. Nilipokiona kikorogeo chao cha sumaku, mashine ya kukorogea dawa ndani ya glasi, kimeharibika juu ya meza, ulimi ukanitangulia: "Kama hiki nimeshatengeneza." Mkuu wa maabara, mama wa makamo, alikisukuma kando.

"Basi lete yako Jumatatu, nyabo," alisema, yaani bibi kwa lugha ya huko. " Nikiona iko nazunguka, kazi ni yako."

Nilipitia mtaa wa Kakoba kwa fundi redio, akanipa feni ya kompyuta mbovu na spika iliyopasuka. "Mwalimu, feni hii ni ya kupoza supu?" Alitania, nami nikavitia mfukoni. Nilirudi Nakivale, kambi ya wakimbizi tulikoishi, nikafagia ua ambao mama yangu alikwisha kuufagia.

Kanuni niliijua: sumaku izunguke chini ya glasi, na chuma kilichomo ndani ya maji kiifuate. Kipande cha msumari nilikifungia ndani ya mrija wa kalamu, nikaziba ncha zake kwa moto. Jumamosi nilibandika juu ya feni ile pete nzima ya sumaku ya spika, nikaiunga na betri nane, na msumari haukuzunguka. Niliona haya, maana nilishawafundisha wengine kwamba ncha za sumaku ya aina ile hutazama juu na chini, hivyo hata ikizunguka msumari hauoni badiliko. Jumapili, baada ya ibada, niliivunja vipande viwili kwa jiwe, kimoja nikakipindua. Sasa msumari ulizunguka, lakini uliruka, ukagonga glasi, ukatupwa pembeni. Nilipunguza betri kutoka nane hadi sita. Uliruka vilevile.

Mama alikuwa akitazama kutoka mkekani. Milimani kwetu alikuwa ametikisa vibuyu vya maziwa magotini, kutoa siagi, tangu usichana. Hapa hatukuwa na ng'ombe, ila magoti yake bado yalicheza kila alipoketi.

"Hii yako haina adabu," alisema. "Inakimbia mingi kuliko kazi yenye inafanya."

Jumatatu alfajiri niliikuta glasi imejaa maziwa. Feni ilikuwa imesimama.

"Mama! Mulifanya nini?"

"Nilijaribia tu. Nilinunua maziwa kwa jirani. Kama inazungusha maji, juu ya nini ishindwe kutoa siagi?"

"Betri zimeisha!"

"Mimi nilitikisa kibuyu miaka yote, sikuishaka."

Maduka yalikuwa bado yamefungwa, na gari la asubuhi halikumngoja mtu. Niliiosha glasi, nikaondoka bila kuaga vizuri. Njiani gari lilichelewa, hata nilipofika mjini sikuwa na dakika ya kutafuta betri. Nilikiweka chombo changu mezani, nikatia maji na chembe za mrututu, ile chumvi ya buluu. Feni haikujongea. Mkuu alikunja mikono. Niliisukuma kwa ukucha, mara moja, mara ya pili. Ikaondoka polepole, na msumari ukaifuata bila kuruka. Buluu ilipanda kutoka chini kama moshi, ikaenea hadi maji yote yakawa rangi moja.

"Mwendo umepunguza aje?" aliuliza, ameinama. "Yetu ilikuwa naruka."

Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni, tena wa kitaalamu.

"Sikuupunguza. Betri zimechoka. Mama yangu alijaribu kutoa siagi humo. Na sijawahi kutengeneza kingine; hiki ndicho cha kwanza."

Mkuu akashika kiuno, akacheka hadi akatafuta kiti.

"Banange, jamani, siagi! Kesho kuja saa mbili. Na huyo mama akae mbali na vyombo yangu."

Jioni nilimkuta mama amesimama mlangoni, nadhani tangu mchana.

"Nimepata kazi, mama."

"Yesu asifiwe." Akabadilisha mguu wa kuegemea. "Lakini ile maziwa. Wakati uliosha glasi, hakukuwa kitu, hata kidogo?"

Nilikumbuka msumari nilipoutoa alfajiri, kwa hasira.

"Kulikuwa. Chembe tatu, nne za siagi, zimeushika msumari."

"Unaona!" alisema, na hatimaye akaketi mkekani, magoti yakicheza.