Alichosema Sabina

Mgeni wa nne wa wiki hiyo alipiga hodi Josephu akiwa anapambana na uji. Uji ulikuwa umeshika chini, kama wa jana na wa juzi. Miaka arobaini na moja aliunywa bila kujua kwamba mwiko haupumziki.

"Hodi wenyewe! Hapa ndipo kwa yule mama wa kwenye video?"

Josephu akatoka na mwiko mkononi. Mbele ya baraza alisimama mwanamke mnene, anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Mama gani?"

"Yule wa Tulizo. Anayesema Kimakonde. Natokea Mikindani, nimeuliza Ufukoni nzima mpaka nikaelekezwa hapa. Nataka nimsikie mwenyewe: alikunywa chupa ngapi mpaka akapona?"

"Amekufa."

Mwanamke akacheka. "Babu nawe! Juzi tu nimemwona. Kakaa kwenye mkeka, hapo hapo uliposimama."

"Nilimzika Novemba."

Yule mwanamke alichungulia ndani kwa juu ya bega lake, kama mtu anayeona kuna kitu anafichwa, kisha akaenda zake akinung'unika, kama wale watatu waliomtangulia.

Josephu Nantima hakuwa mtu wa maneno. Ujana wake na utu uzima wake aliumalizia kwenye mashamba ya chumvi, akikwangua chumvi juani mpaka weupe ule ukamharibu macho, yakabaki mekundu mwaka mzima. Shule hakukanyaga. Kadi ya kliniki, barua ya jumuiya, tangazo la maji kukatika, vyote alisomewa na Sabina. Sabina alifika darasa la nne, na alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata mfuko wa sabuni. Alipozikwa, kila kitu chenye maandishi mle ndani kilinyamaza.

Aliuacha uji, akaenda nyumba ya pili, kwa Bi Somoe.

Somoe, mama yake Iddi, alikuwa muuza vitumbua na jirani wa miaka ishirini. Yeye na marehemu walikuwa na sukari wote wawili, kliniki walikwenda pamoja, na njia nzima walikuwa wanasengenya manesi. Josephu alimkuta ameketi uani, mguu mmoja ameuegesha juu ya kigoda, jagi la maji pembeni.

"Ipo video ya mama Doris?"

Somoe akainamisha uso. "Nikajua hujui, Baba Doris. Nikasema nisikutoneshe." Akaichukua simu, akaipangusa kwa kanga, akaipapasapapasa. "Haya. Kaa kwanza."

Hakukaa. Sauti ikatoka, na Josephu akashika ukuta.

Alikuwa Sabina. Kaegemea nguzo ya baraza, midomo imekauka, mkono umelalia tumbo. Sauti ndogo, ya kukwaruza. Chini ya uso wake yalikuwa yanarukaruka maandishi makubwa ya njano. Somoe akayasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyakariri:

"'Dawa! Dawa hii! Tangu nianze kuinywa kiu imekwisha. Mume wangu naye anashukuru.' Na hapo wameweka kopa jekundu."

"Hasemi hivyo."

"Imeandikwa, Baba Doris."

"Anasema *medi*. *Medi* ni maji. Anaomba maji."

"Kimakonde chenu mimi sikijui. Ninachojua ni kusoma, na hapa imeandikwa dawa."

Hapo ndipo Josephu alipoiona chupa ya Tulizo. Ilikuwa nyuma ya jagi, nusu yake imekwisha, ile ile yenye kifuniko cha kijani.

"Na sindano za sukari?"

"Nimezipumzisha. Leo siku ya tisa." Somoe akajimiminia maji, akanywa kikombe kizima bila kupumua. "Kiu ndiyo inayoniua mimi, na Sabina, kabla siku yake haijafika, kasema kiu imekwisha. Nisimsikilize Sabina nimsikilize nani? Wewe, usiyeijua hata *a* ilivyokaa?"

Alisema kwa kucheka, maana ndivyo walivyozoea kutaniana. Josephu hakucheka. Alikuwa anautazama ule mguu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeanza kuwa na rangi aliyoijua.

"Somoe. Utakufa."

"Astaghfirullah! Asubuhi hii?"

"Nani kayaandika hayo?"

Somoe alirudisha video mpaka mwisho, akasogeza simu karibu na jicho. "Muuzaji ni Samweli, yule mwenye namba. Halafu kuna maandishi madogo hapa: Gladness, video na kapsheni, Rahaleo."

Josephu alitembea kwa miguu mpaka Rahaleo. Njiani alihesabu siku. Samweli alikuja wakati wa korosho, yeye mwenyewe akiwa shambani kuokota. Aliporudi jioni Sabina alimwambia yule kijana wa dawa amekuja kumpiga picha, kamwambia sema chochote mama, kwa lugha yako, watu wanapenda. Hakusema zaidi. Siku ya sita baada ya hapo akafa. Kumbe siku ile alikaa pale barazani anaomba maji, na mtu amesimama mbele yake kashika simu.

Kwa Gladness palikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kutolea kopi na kompyuta ndogo. Mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kasuka nywele za zambarau.

"Shikamoo, babu. Kopi au picha za pasipoti?"

"Maneno."

"Maneno gani?"

"Ya mke wangu."

Ilimchukua muda kumwelewa. Alipomwelewa akamvutia kiti, akaifungua video.

"Wewe ndiye unayeandika haya ya chini?"

"Ndiyo kazi yangu, babu. Watu wanaangalia bila sauti. Mwingine yuko ofisini, mwingine yuko msibani anaibia. Bila maandishi wanapita tu. Ukiwawekea ya njano, makubwa, wanaganda. Biashara inatembea."

"Kimakonde unajua?"

"Baba yangu mwalimu, tumehamia huku kutoka Singida. Hata Kinyiramba chenyewe nababaisha."

"Ulijuaje alichosema?"

Gladness akazungusha pete kidoleni. "Simu inaandika yenyewe mtu akisema Kiswahili. Kwa huyu mama ilishindwa, ikatoa vitu vya ajabu. Mimi nikasikia *medi, medi*. Nikasema, *medi* si medisini? Mama anasifia dawa. Nikampigia Samweli. Akasema eeh, ndivyo, hata kiu imemwisha, mume wake anashukuru, malizia hivyo hivyo."

"*Medi* ni maji."

Msichana akaweka kiganja mdomoni.

"Yupo mtu ameacha sindano," Josephu akasema. "Sababu ya hayo ya njano. Yatoe."

Gladness alipiga simu pale pale, akaweka sauti ya nje.

"Gladi mtoto mzuri! Niambie."

"Kaka Samweli, ile video ya mama wa Kimakonde tuishushe. Tafsiri siyo. Na mama mwenyewe alishafariki."

"Poleni. Lakini video haijafariki. Watu elfu arobaini wameiona, wewe unataka kuishusha? Ile usiiguse kabisa."

"Alikuwa anaomba maji, Samweli!"

"Nani kakwambia?"

Josephu akaisogelea simu. "Ulimpa?"

"Nani mwenzangu?"

"Maji. Ulimpa?"

Simu ikakatwa.

Gladness akasema akaunti ni ya Samweli, yeye hutengeneza tu na kukabidhi, hana ufunguo wa kuingilia. Video asilia anayo kwenye kompyuta. Anaweza kuiandika upya, akaiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe. "Ila nina wafuasi mia mbili na kumi, babu. Nusu yao ni shangazi zangu."

"Mmoja ananitosha leo. Andika."

Wakaanza. Alikuwa anaachia sauti kidogo, anaizuia.

"Hapa?"

"Maji."

"Na hapa?"

"Maji. Nipe maji."

"Hapa karefusha."

"Tangu nianze kunywa hiki, kiu hainiachi."

Vidole vilipita juu ya kibodi. Sauti ikaachiwa tena. Gladness akairudia akidhani Josephu hakusikia, akairudia mara ya tatu.

"Babu?"

"Anauliza nimekwenda wapi."

"Niandike?"

"Andika."

Walipomaliza Gladness akafunga mlango wa duka mchana kweupe, wakapanda bajaji mpaka Ufukoni.

Somoe hakuwa tena kwenye kiti. Alikuwa amelala kwenye mkeka pale uani, kichwa kwenye mkono, anapumua haraka kama mtu aliyekimbia. Jagi lilikuwa tupu. Alitazama video mpya mpaka mwisho, kisha akaiomba ile ya zamani, akaitazama nayo.

"Zote zimeandikwa," akasema. "Ipi ya kweli?"

"Hii ya sasa, mama," Gladness akasema. "Mimi ndiye niliyeandika zote mbili. Ile nilikosea."

"Ulikosea ile. Nitajuaje hii hukukosea?" Somoe akafumba macho. "Asubuhi dawa, mchana maji. Jioni utaandika nini, binti? Baba Doris, umekwenda kumlipa mtu aandike unalotaka wewe. Una uchungu, nakujua. Kila dawa unaichukia sasa."

Gladness alifungua mdomo kujitetea. Josephu akamzuia kwa mkono. Akapiga magoti kwenye mkeka, magoti yanalia, akawa karibu na uso wa Somoe.

"Sindano zake nilizitupa mimi."

Somoe akafumbua macho.

"Samweli aliponiuzia Tulizo alisema haviendi pamoja. Sabina hakutaka. Alisema, Josephu, nesi amekataza kuacha. Nikamwambia nesi anajua nini. Nikazichukua nikazitupa chooni. Tulizo nilimnywesha mimi, kwa kijiko, asubuhi na jioni. Alianza kunywa maji ndoo nzima. Nikasema dawa inasafisha. Akapumua hivi unavyopumua. Nikasema dawa inafanya kazi. Doris hajui. Padri hajui. Sijamwambia mtu."

Gladness alikuwa ameangalia pembeni.

"Wewe," Somoe akasema polepole. "Baba Doris. Wewe ndiye?"

"Mimi."

"Na mimi tangu msiba nakuletea vitumbua."

"Nichukie kesho. Leo inuka."

Somoe akamtazama muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, wala si kwa upole. Alimkamata shati kama mtu anayetaka kumpiga, na kwa shati hilo akajivuta akakaa. Kusimama alishindwa. Gladness akamshika upande mmoja, Josephu upande wa pili, wakamfikisha kwenye bajaji wakimburura mguu.

Hospitali walimtoboa kidole, wakagusisha damu kwenye kimashine. Nesi akakiangalia, akakipiga piga, akarudia kwa kidole kingine.

"Imeandika nini?" Josephu akauliza.

"Haijaandika namba, mzee. Sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma. Ameacha dawa lini?"

"Siku tisa."

Nesi alikwenda mbio, akarudi na mwenzake, wakasukuma kitanda wakaingia naye ndani, na mlango ukajifunga. Baadaye akatoka kuwaambia amewekewa dripu, sindano imeanza, mguu utaangaliwa. Atapona? Hajui. Kesho ndiyo itasema. Ndugu zake wako wapi? Gladness akampigia Iddi, aliyekuwa kazini bandarini, na alipokuwa anaeleza Josephu alisikia ukelele wa kijana ukitokea ndani ya simu.

Wakakaa kwenye benchi la nje. Gladness akafungua simu, hakuweza kujizuia. Video mpya ilikuwa imeonwa na watu kumi na tisa. Ile ya Samweli ilikuwa inakimbia.

"Kuna watu wanauliza chini yake," akasema. "Huyu wa Newala anasema mama yake ana sukari, anaipataje Tulizo. Huyu anauliza kama inatumwa mpaka Lindi. Huyu wa Tandahimba ameshalipia."

"Chini yake mtu anaweza kuandika?"

"Yeyote anaweza."

"Waandikie."

"Niandike nini?"

Josephu alifikiri. Maneno machache aliyokuwa nayo maishani leo alikuwa ameyamaliza karibu yote.

"Andika amekufa. Alikuwa anaomba maji. Andika mume wake ndiye anasema."

"Jina niweke?"

"Weka. Josephu Nantima, Ufukoni. Waje waulize."

Gladness akaandika kwa yule wa Newala. Akaandika kwa wa Lindi. Akaandika kwa wa Tandahimba. Josephu alikuwa anavitazama vile vidole, na kila kimoja kilipogusa kioo, midomo yake nayo iligusana. Nesi alipita na chupa nyingine ya dripu. Walimfuata kwa macho mpaka akaingia.

Gladness akaguna.

"Nini?"

"Amefuta. Samweli. Yote matatu ameyafuta."

Josephu alivuta pumzi. Aliutazama mlango, akaitazama simu.

"Andika tena."

Akaandika tena. Haikupita dakika tatu.

"Amefuta, babu."

"Tena."