Diski Niliyoifunga Kwenye Leso

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nikawa utingo wa malori, kisha dereva, miaka arobaini. Kusoma nimejifunzia kwenye vibao vya barabarani. Kwa hiyo kompyuta yangu ya gemu sikuachiwa na mtu, niliinunua kwa jasho langu.

Marehemu mke wangu hakuwahi kupanda lori langu; matajiri wenye malori walikataza abiria. Alipopooza upande wa kushoto, nikanunua kompyuta na gemu ya malori, nikamfungia usukani mezani. Yeye anaendesha kwa mkono mmoja, mie utingo wake, nimekaa pembeni nakanyaga pedeli. "Mzee, umelala? Kanyaga breki," ananiambia. Siku ya mwisho alilipaki lori la gemu kwenye kituo cha mafuta, akasema amechoka. Sijaliondoa pale tangu siku hiyo. Nalifunguaga tu kulitazama.

Halafu Windows, programu inayoendesha kompyuta, ikaanza kuniandikia kwamba mashine yangu ni ya zamani, toleo jipya haliingii. Binti yangu, mwalimu wa kompyuta kule Mwananyamala, akashauri tuiondoe tuweke Linux, nayo inaendesha kompyuta, imetengenezwa na watu wengi na wanaigawa bure. Nikamjibu kwamba mie sijawahi kupewa kitu bure. Akasema basi, la muhimu ni kuhifadhi kwanza lori la mama kwenye flashi. Nikamwambia hiyo kazi naiweza, nikaifanya mwenyewe.

Ila nikatoa sharti la gereji: kifaa cha zamani hakifutwi, kinatolewa, nakabidhiwa. Fundi akinibadilishia spea, ile mbovu huwa naondoka nayo, nijue kweli kabadilisha. Binti aliona ni ubishi wa uzee, lakini tukanunua diski nyingine Buguruni, na ile ya zamani nikaifunga kwenye leso.

Linux iliingia chai haijapoa. Mashine iliyoambiwa imezeeka ikawaka kama injini iliyotoka ovaholi. Na gemu ile ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, lakini kuna watu wamekaa wakaandika kitu cha katikati kinachoitafsiria. Hawanijui, hawatanijua. Nikabaki nimekodoa macho.

Tukachomeka flashi. Lori hamna. Nilikuwa nimehamisha ile alama ya kubonyeza kufungulia gemu tu, safari za mke wangu sikuzigusa. Gemu ikaniuliza jina la dereva mpya.

Binti akachomoa flashi.

"Baba, leso iko wapi?"

Akaichomeka diski ya zamani kwa waya, akachota faili la mama yake, akaliweka mahali pake. Nikafungua. Lori lipo, kituo kile kile, limekaa upande, tairi limekanyaga mstari kama alivyoliacha. Nimeshuka mlima Kitonga breki zimekufa, sikutetemeka. Lakini hapo nikamwomba binti aniache kidogo.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Gongo la Mboto. Nina kisima, bajaji mbili, kuku kumi na tano. Nina kompyuta yenye Linux, na diski ya zamani iko kwenye leso yake. Na nina lori moja, limepaki upande. Haliondolewi.