Mgonjwa Hasemwi Vibaya

Libérata alizaliwa ukimbizini Karagwe, akajua kupika, kufua na kunyamaza kabla hajajua kusoma. Waliporudi Rwanda baada ya vita, yeye na mumewe walifika mpaka Gisenyi. Mume aliuawa kwenye barabara ya Ruhengeri, ndani ya basi lililoviziwa, na mjane akabaki na Kiswahili chake cha Tanzania. Kiswahili hicho ndicho kilichompa kazi. Bwana Henk, Mholanzi wa mabomba ya maji, aliwahi kuishi Bukoba, wala hakutaka mpishi wa kuongea naye kwa ishara.

Alikuwa mtu wa utani, mrefu kama nguzo ya umeme. Chini ya kitanda aliweka sanduku la sindano zilizotoka kwao, kwa maana wageni wote waliogopa sindano za huku kwa ajili ya ukimwi. "Nikiugua, Libérata, nisichomwe isiyotoka humu. Na nisipelekwe popote mpaka ofisi ya Kigali iseme." Lakini vidonge vya kujikinga na malaria alivitupa, kwa kuwa vilimwotesha ndoto mbaya. "Hapa ziwani ni baridi," alicheka. "Mbu wenu wenyewe wanatetemeka."

Kisha kazi ikampeleka bondeni Bugarama, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Aliporudi alisema ni mafua. Halafu akasema ni uchovu. Halafu hakusema tena jambo la kueleweka.

Asubuhi hiyo Libérata alimkuta akizungumza kwa lugha ya kwao na watu wasiokuwapo chumbani. Macho yalikuwa ya manjano, na mkojo ndani ya beseni ulikuwa mweusi kama kahawa. Redio ya mawasiliano ikakoroma sebuleni. Ilikuwa saa ya ofisi kuuliza hali, na aliyeuliza alikuwa daktari Marijke, mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani.

"Mama Libérata, Henk anaendeleaje?"

"Anajitahidi, daktari. Tunamshukuru Mungu."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

Hakula. Alilowanishwa midomo kwa kitambaa. Lakini kwa kina Libérata mgonjwa hasemwi vibaya angali anapumua. Kutamka kifo ni kukiitia mlangoni. Bibi yake kule Karagwe alikuwa "anajitahidi" mpaka siku walipomwosha. Mnyarwanda yeyote angemsikia Libérata akimshukuru Mungu kwa sauti ile, angeacha kila kitu akatafute gari. Marijke alishusha pumzi.

"Vizuri sana! Basi hakuna haja ya kuhangaika leo. Nitakuja kesho na msafara wa wanajeshi. Pole na kazi, mama!"

Redio ikanyamaza. Libérata alibaki ameshika kile kipaza sauti, na polepole, kama maji yanayopanda kwenye kuta za nyumba, akaelewa alichokifanya. Kesho. Alibonyeza, akaita, akabonyeza tena. Zilijibu kelele za upepo na mtu wa mbali aliyekuwa akihesabu magunia ya unga kwa Kifaransa. Baada ya mchana hakuna gari ambalo lingethubutu kutoka Kigali. Waasi walikuwa wakivizia barabara ileile ya Ruhengeri. Huko chumbani kitanda kilianza kugonga ukuta. Bwana Henk alikuwa na degedege, kama mtoto.

Alitoka akikimbia, kitenge mkononi, akateremka mpaka mtaa wa Mbugangari kwa Nkusi, mkubwa wa chama cha wabebaji. Kila mlima una chama chake; mtu akizidiwa, wanaume humtia katika ingobyi, machela ya kusuka, wakambeba mabegani. Na barabara ya kupanda kwa Henk ilikuwa imekatwa na mvua. Hapakuwa na njia nyingine.

Nkusi hakuinuka. "Mama, huyu muzungu akifia ku mabega yetu, wataulizwa ba nani? Sisi! Muzungu hakufe hivi-hivi, anakufa na maswali."

"Waambie nilikulazimisha mimi."

"We? Unilazimishe mi?" Wenzake wakacheka. "Angalia vile uko."

"Nkusi, mtoto wa mtu anakufa. Na mimi ndiye ninayemuua."

Kicheko kikakatika. Haikuwa desturi kusema hivyo, na hofu ya neno lile iliwainua kuliko ombi. Walipanda, wakamtia Henk ndani. Miguu yake ikaning'inia nje hadi magotini. "Bon, ingobyi haikusukwa kwa mutu murefu hivi," alinung'unika mmoja, naye akaishika miguu ile kwa mikono yake, njia nzima. Libérata alitangulia na sanduku kichwani.

Hospitalini, muuguzi Illuminée alipokea sindano zile bila kuuliza, akamtundikia kwinini. Alimtazama macho, akambonyeza kucha, akageuka. "Mbona mmekawia hivi, dada?"

Libérata aliketi kando ya kitanda, akamshika Henk mkono uliokuwa ukiungua, akamsihi kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa yale maneno machache ya Kiholanzi aliyoyajua, yote ya vyakula: mkate, siagi, viazi. Tone lilifuata tone. Kabla ya jioni kuingia, kifua kilipanda, kikakaa juu kidogo, kikashuka.

Wabebaji walikuwa bado nje, kwani aliyembeba mtu haondoki mpaka ajue kama atamrudisha. Nkusi aliinuka, akavua kofia.

"Amepumzika?" aliuliza kwa adabu.

"Amekufa," alisema Libérata.

Neno lilitoka bila kumkwaza popote, sasa ambapo halikuwa na kazi. Wanaume waliinamisha vichwa. Kisha Nkusi, akiwa bado na kofia mkononi, akauliza swali ambalo chama chao hakikuwahi kuliuliza: "Na huyu, mama, kwao ni wapi? Tumurudishe wapi?"

Libérata alitazama barabara ya Ruhengeri, ambayo ilikuwa tupu.