Mdundo Nliousikia Ukutani

Kuna aibu nyengine mtu huzisahau akizeeka, lakini hii yangu hawakuniachia niisahau, maana mpaka leo nikipita mbele ya kina mama wa rika fulani hapa mjini naona buibui linavutwa usoni, na najua chini yake kuna kicheko, na najua kicheko chenyewe ni cha nini.

Nlikuwa kijana, nimetoka kwetu Paje, nasomesha skuli moja ya wavulana Ng'ambo, na nlikuwa ndiyo kwanza narudi kutoka kwenye mafunzo ambako tulifundishwa kusomesha muziki kwa mwili: mtoto apige makofi, apige mguu, ayumbe, mdundo umuingie miguuni kabla haujamfika kichwani. Nlirudi nalo jambo lile kama mtu aliyeokota almasi. Mwalimu mkuu akaniambia basi niwatayarishe watoto wa darasa la pili, wacheze mbele ya wazee wao siku ya skuli.

Shida ilikuwa mdundo. Ule niliofundishwa ulikuwa wa kwata, moja mbili, moja mbili, watoto wakiucheza wamenuna kama wanapelekwa kudungwa sindano. Sasa alasiri moja nimejilaza chumbani kwangu Kikwajuni, nikasikia ngoma nyumba ya pili, kwa jirani yangu Bi Mwanaidi, bibi mtu mzima, mpole, niliyekuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi. Nlijua ni shughuli ya wanawake, nikadhani arusi (kwetu shamba mdundo ule sikuwahi kuusikia), lakini ulikuwa mtamu, jamani, unapanda, unashuka, unasita kidogo, halafu unakuvuta kiuno bila ya kukutaka ruhusa. Nikaugonga kwenye ubao wa kitanda mpaka nikaushika, na kesho yake, hapo ndipo nlipojimaliza, nikaupeleka skuli.

Watoto waliupenda mpaka wakawa hawataki kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu naye (sheikh mmoja asiyejua ngoma wala zumari) alikuja kutazama, akasema ni mazoezi mazuri sana ya mgongo.

Siku ikafika. Wanaume wamekaa viti vya mbele, wanawake wamejipanga kivulini upande wao, na katikati yao nikamwona Bi Zuwena. Huyu mwanawe mdogo alikuwa darasani kwangu, lakini kubwa zaidi, ami yangu alikuwa ameshapeleka posa kwake, namtaka binti yake, Salma, na jawabu bado. Kando yake amekaa Bi Mwanaidi. Nikasema moyoni, leo Bi Zuwena atamjua mkwe wake ni mtu wa namna gani (na kweli alimjua).

Nikaanza kupiga, watoto wakapiga mguu, wakayumba. Upande wa wanawake mmoja akajifunika uso, mabega yanamtetemeka, mie nikadhani analia kwa furaha. Mwengine akamlalia mwenzake. Nikaona wamependa, nikaongeza mkono. Kisha, sijui shetani gani alinisukuma, nikaitia ngoma kwapani, nikasogea mpaka mbele yao, nikawaonyesha kiuno mimi mwenyewe, nikasema kwa sauti ya kisomi:

"Mama zetu, mdundo huu naona mnaujua. Tuimbieni basi na maneno yake, watoto wajifunze."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani Darajani walikisikia. Wanaume wakawa wanaulizana kuna nini, hakuna aliyewajibu. Bi Zuwena ameinama, uso hata siuoni. Bi Mwanaidi akanyanyuka taratibu, akaja, akaweka kiganja juu ya ngoma.

"Mwalimu Haji," akasema, "ngoma hii umechezwa na nani?"

Nikamjibu kwa adabu zote kwamba sikuchezwa na mtu, nimeisikia tu ukutani kwangu nikajifunza mwenyewe. Wanawake wakaanza upya. Bi Mwanaidi akanisogelea sikioni.

"Hii ya unyago, mwanangu. Tunawafundia wanawali wanapotaka kuolewa, ndiko kuchezwa huko. Mwanamme haipigi. Na hayo maneno unayoyataka, ukiyasikia utahama mji."

Nlilowa jasho mpaka kanzu ikanigandia. Nikawageukia watoto nikawaambia basi, lakini watoto walishakolea, wanaendelea kwa makofi, viuno vinazunguka mbele ya baba zao, na mwalimu mkuu, maskini, anawapigia makofi kuwasaidia.

Wiki ile nzima nlikuwa nikienda skuli kwa vichochoro. Ami aliponiita nlijua posa imerudi, nikakaa nikainamisha kichwa.

"Wamekubali," akasema. "Ila Bi Zuwena ametuma neno, na mie sikulifahamu. Anasema hajapata kuona bwana arusi aliyekuja ameshachezwa, na huyu hataki kumkosa."

Sikumfahamisha. Salma nlimuoa, na yeye ndiye aliyekuja kuniambia maneno ya ngoma ile, na Bi Mwanaidi alisema kweli, nlikaribia kuhama. Tokea hapo nimeapa: mdundo ukinipendeza, kabla sijaupeleka darasani naupeleka kwanza kwa mwanamke mtu mzima, nampigia kidogo kwa vidole. Akinitazama usoni, naufundisha. Akitazama pembeni, naufuta kichwani palepale, wala siulizi kwa nini.