Chini ya Kopo la Mama

Leo asubuhi, hapa Bungulu mjini Beni, jirani yangu aliamka akigonga bati. Ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko tena. Wazo langu la kwanza, hata kabla sijavaa viatu, lilikuwa kwamba huyu mtu anaficha jambo. Nikatoka kumuuliza. Alikuwa anatengeneza mbabula ya mkewe, ile ya kupikia kwa makaa. Mniwie radhi, ndivyo nilivyo. Nanusa unga kabla ya kuununua, na nikialikwa mahali huwa nachungulia sufuria. Lakini nilijifunza kuuliza, na aliyenifundisha ni kopo la kupimia maharage.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Butembo, upande wa Bulengera, mimi Masika na wadogo zangu watatu, na mama aliyetulea peke yake tangu baba alipofariki. Mama aliuza maharage sokoni na kuimba kwaya kanisani, na kwake kazi hizo mbili zilikuwa moja. Kabla ya kufungua gunia aliweka kiganja juu ya punje, akafumba macho na kuomba. Waliomtania aliwajibu, “Mungu hapana ku kanisa tu. Anakuyaka na ku soko.” Nilimwamini, na ndiyo maana niliogopa.

Sokoni walipimia kopo la maziwa ya unga, na hila yake ilijulikana na kila mtu. Ukiligonga kwa jiwe upande wa nje, chini huingia ndani, na mteja anaondoka na maharage pungufu wakati macho yake yameona kopo limejaa. Akina mama waligombana kwa ajili hiyo mpaka wakaweka sheria: makopo yote yawe sawa, maharage yasawazishwe juu kwa kijiti bila kilima, na atakayekutwa na kopo tofauti ataondoka kwenye mstari wa wauzaji. Nafasi ya mama ilikuwa karibu kabisa na mlango wa soko. Tulikula kwa sababu ya nafasi ile.

Sasa sikieni. Kila Jumamosi, akirudi tu, kabla hata ya kunawa miguu, mama aliingia jikoni na kopo lake akafunga mlango. Ko, ko, ko. Nilichungulia kwenye ufa wa ubao, nikaona mgongo wake tu na bega likipanda na kushuka. Akitoka, kopo lilikuwa limefunikwa kitambaa. Sokoni alilizamisha ndani ya maharage mpaka shingoni, na sikumwona hata siku moja akiliweka mezani. Jumapili akiimba, mimi nilikuwa namtazama mdomo na kuwaza kwamba mama yangu ni mwizi mwenye sauti nzuri. Maharage yake niliendelea kuyala, lakini kwa mashaka.

Siri ile nilishindwa kukaa nayo. Mwishowe nilimnong'oneza rafiki yangu Kavira, nikamwapisha asimwambie mtu. Mama yake Kavira alikuwa anauza maharage ubavuni mwa mama yangu. Mnaweza kukisia kiapo kile kilidumu muda gani.

Siku iliyofuata sikuwa na shule, nilikuwa nyuma ya mama nachambua mawe kwenye ungo. Mama Kavira akasimama mbele ya wateja.

“Mama Masika, geuza kopo yako tuone.”

“Juu ya nini?”

“Juu batoto banasema unaigongaka ku nyumba. Kama hauna kitu, geuza tu.”

Mama hakugeuza. Alilivuta kopo kifuani, akalifunika kwa kitenge chake. Nikajisemea, kumbe kweli. Nilijiona mwerevu, naungama hilo, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu nilikumbuka sheria na mahali tunapopatia chakula.

Wakamwita prezidenti wa soko, mama mzee wa maneno machache. Akalitoa kopo taratibu mikononi mwa mama, akaligeuza. Chini hakukuwa kumeingia ndani. Kulikuwa kumetoka nje, kumevimba. Alipoliweka mezani likayumba, likalala ubavu. Akalijaza maharage, akayamimina kwenye kopo la Mama Kavira. Likajaa, na konzi nzima, mkono uliojaa, ikabaki mezani.

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja alishukuru kwa Kinande, kwa sauti ndogo, “Wasingya, mama.” Lakini Mama Kavira alikasirika kuliko mwanzo. “Kumbe njo maana batu bote banakukimbilia! Unatuharibia soko.” Mwingine nyuma akasema, “Lakini ile iko dawa ya kuvuta batu,” na nikaona wateja wawili wakirudi hatua moja.

Prezidenti aliinamisha kichwa, akabaki na kopo. Sheria haikusema kopo linaloiba, ilisema kopo tofauti. Mama alifunga gunia lake, tukalibeba mimi na yeye mpaka mwisho wa soko, kando ya mtaro, mahali wateja wanapofika wakiwa wamekwisha nunua. Kule hakukuwa na sheria, kulikuwa na tope tu. Wachache walitufuata. Wengi hawakutufuata, na miezi ile tulilala tumekula mara moja kwa siku.

Mama alipimia kopo jipya, lililonyooka, akalisawazisha juu kwa kijiti. Halafu mkono wake ukarudi ndani ya gunia, ukaongeza konzi. “Kopo balibeba,” alisema. “Mukono balibakisha.” Bila kunitazama akaongeza, “Masika, siku ingine ukiona kitu, uniulize mbele.” Hapo nikajua kwamba alijua.

Sikuuliza. Niliona haya. Niliuliza nikiwa mtu mzima, siku aliyonisindikiza kuja Beni kuanza biashara yangu ya maharage. Alitua kwanza gunia langu chini. “Mwaka baba yako alikufa, niliingizaka chini ya ile kopo. Batu balikula pungufu juu nyinyi mukule. Kisha nikaanza kurudisha.”

“Ulimalizaka?”

“Sijue. Sikujuaka majina yabo.”

Basi sikuwa nimekosea kabisa. Nilikuwa nimechelewa tu miaka michache, nikamshtaki mwizi wakati alikuwa anarudisha. Na konzi ambazo hazikuwafikia wale wa kwanza, sisi watoto wanne ndio tuliozila.

Jana mwanamke nisiyemfahamu alinunua kwangu kopo moja. Nilipoongeza konzi, alikunja uso, akaitandaza kiganjani, akatafuta wadudu punje kwa punje, akainusa. Halafu akanitazama mimi, macho ya mtu anayejua kwamba lazima kuna kitu. Nilimpenda sana.

“Uliza tu, mama,” nikamwambia.