Misumari ya Mvule

Nilipokuwa mtoto pale Kisawasawa, miaka ya tisini, maji tulikuwa tunachota kwenye chemchemi iliyotoka chini ya mvule mkubwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa akimwaga unga mweupe pale kwenye mizizi, na Jumapili anakwenda misani kama kawaida. Alisema mti ule una mwenyewe. Atakayeutia chuma atatokwa damu.

Akaja mpasua mbao, Sajio, na mwenzake. Bibi akawasihi: mkiukata, maji yatakauka.

"Kibali ninacho, Bibi," Sajio akajibu. "Na huyo mwenyewe, anakula unga mtupu? Tumletee na mboga?"

Wakacheka, wakasema wataanza Jumatatu. Bibi alifuta machozi kwa khanga. Mimi, niseme ukweli, niliogopa kwamba huyo mzimu wa mti hautafanya kitu.

Jumapili ile nilitoroka mafundisho ya Komunyo. Nilichukua nyundo ya baba na misumari mitatu, nikaipigilia kwenye mvule, kwenye usawa ambapo msumeno huanzia, nikaiziba kwa tope. Nilidhani msumeno utaharibika, waende zao. Basi.

Kesho yake nilikuwa nachota maji walipoanza kukata. Msumeno uligonga msumari, jino lake likakatika, likaruka likamwingia Sajio kwenye jicho la kulia. Mtu mzima yule alimwita mama yake.

Kijiji kizima kilisema ni mzimu. Hakuna aliyeugusa tena mti. Jioni Bibi alinishika kiganja, akayaona malengelenge.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Usimwambie."

Tangu siku ile hakupeleka unga tena.

Kwa padri nimeungama, zaidi ya mara moja. Kwa Sajio mwenyewe mdomo unakuwa mzito. Kinachonichanganya ni kwamba wanangu wamekua kwa maji yale yale. Nikipiga magoti niseme nimekosa, najikuta nashukuru kwa chemchemi, halafu naona aibu, naanza sala upya.

Mwaka jana nilimkuta Sajio pale chemchemini na ndoo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nijazie, jicho moja hili linanidanganya." Akacheka. "Mzimu wa bibi yako ulinitia adabu."

Nilimjazia, nikamfungia ndoo kwenye baiskeli, nikaishikilia baiskeli mpaka akapanda akatulia.

"Mungu akubariki," akasema.

Nikaitikia amina. Alipokwisha kuondoka nilibaki nimesimama pale, sijui kama ile baraka ilikuwa yangu.